Mchanga Safi wa Katolo

Mtu akikuambia kwamba Emilienne alikuwa mgomvi, mwulize kwanza yeye mwenyewe analala wapi. Kama analala katika ile nyumba ya matofali iliyo juu ya kijito cha Katolo, mwambie afunge mdomo, maana bila Emilienne asingekuwa na mdomo wa kusemea.

Mgomvi hakuwa. Alikuwa mtu wa mlimani aliyeolewa ziwani, basi. Alizaliwa kule Kivu, chini ya Mikeno, volkano iliyolala zamani, na mume wake Guylain, mtu wa Kilwa, alimkuta Goma alipokuwa akiendesha lori. Wakahamia Kilwa, wakaishi kwa kuvusha samaki na sabuni kati ya pande mbili za ziwa Mweru. Mwezi wa nane mwaka wa 1998 vita ikaanza upya, na pale Kilwa majirani wakaanza kumwuliza Emilienne baba yake alikuwa wa kabila gani. Guylain hakungoja waulize mara ya pili. Alimpakia mke wake kwenye boti pamoja na masanduku mawili, wakaja kukaa upande wa Zambia, kaskazini ya Nchelenge kwenye njia ya Mununga, mahali ambapo vilima vinasogea karibu kabisa na maji.

Wanawake wa chisense ndio waliompokea. Chisense ni samaki wadogo, urefu wao haupiti kidole, na jua la siku moja linatosha kuwakausha ukiwamwaga kwenye mchanga mzuri. Huo mchanga ndio kazi yote. Ukiwaanika kwenye udongo wanashika vumbi, na mnunuzi wa Lubumbashi akitafuna mmoja akasikia udongo kwenye meno, anakwenda zake bila kuaga. Kwa hiyo wanawake wa pale walichagua mchanga kama wengine wanavyochagua kitenge: waliuchota, waliupuliza, waliuonja kabisa. Na mchanga uliopita yote kwa usafi ulikuwa wa Katolo, pale kijito kinapotoka kwenye bonde jembamba la kilima. Ulianza kwenye mdomo wa bonde ukiwa mwembamba, ukapanuka kadiri ulivyoshuka, hadi ukagusa ziwa ukiwa na upana wa viwanja vitatu vya mpira. Mweupe, bila unyasi hata mmoja.

Mkubwa wa kikundi alikuwa Olipa, ambaye wote walimwita Bana Chabu kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mwanamke mpana, mwenye sauti ya kusikika hadi katikati ya maji. Wengine waliponung'unika kwamba Wakongo wanawajazia pwani, yeye ndiye aliyesema huyu mama ana mikono miwili kama yenu, mpeni mkeka. Emilienne hakulisahau neno lile. Alimpenda Olipa, alimpenda hata mama yake, kikongwe Dorica, aliyekaa kwenye kizingiti cha Olipa kutwa nzima akila maharage. Nasema maharage kwa sababu Dorica alikuwa mtu pekee kwenye pwani ile yote asiyekula samaki. Ziwa lilimla dada yake aliyeitwa Mwewa, na mtoto mchanga wa huyo dada, miaka arobaini kabla, na tangu hapo Dorica alisema hali kitu kilichotoka katika tumbo lile. Watoto walimcheka, lakini kwa mbali.

Sasa sikia. Mwezi wa kumi na mbili serikali hufunga ziwa, samaki wazae, na halifunguliwi mpaka mwezi wa tatu uanze. Watu wa samaki hawana miezi mingine ya kujenga. Kikundi kilikuwa kimechoma matofali tangu kiangazi, na shauri lilikuwa moja: nyumba ya vyumba vinne, iwe ghala ya samaki na mahali pa kulala wanawake na watoto wao majira ya chisense. Walipoulizana ijengwe wapi, hawakubishana hata dakika. Mtu anajenga karibu na kazi yake. Fundi Goodson akapiga vigingi katikati ya mchanga wa Katolo, mlango ukielekea ziwani.

Emilienne alifika siku hiyo na matofali kichwani. Aliyatua, akanyoosha mgongo, akainua macho kuelekea bonde. Akaona mawe. Kwenye mdomo wa bonde yalikuwa makubwa kama mbuzi aliyelala. Chini yake yalikuwa kama vichwa, kisha kama ngumi, kisha kokoto, na mwisho mchanga huu mweupe aliokuwa amesimama juu yake. Yamepangika hivyo kwa utaratibu, kama kwamba kuna mtu aliyeyachambua.

Kwao, chini ya Mikeno, kila mtoto alijua mawe yanayopangika hivyo yameletwa na nani. Mlima wa volkano ni majivu na mawe yasiyoshikana. Mvua ikinyesha juu, maji yanaingia makorongo, na ndani ya korongo yamebanwa huku na huku, kwa hiyo yana nguvu za kubeba jiwe ambalo wanaume wanne hawalitikisi. Yakitoka chini, kuta zinaisha na ardhi inalala. Maji yanatawanyika, yanachoka, yanatua mzigo: makubwa kwanza, madogo baadaye, mchanga mwisho. Na mzigo huo huo unayazibia njia. Mvua nyingine ikija yanaikuta njia imejaa, yanageukia kushoto. Miaka ikipita na kushoto nako kumejaa, yanageukia kulia. Ndivyo yanavyotandaza nchi nzima chini ya mlima, kipande baada ya kipande, mwaka huu hapa, mwaka ule pale. Baba yake Emilienne alitembea kila mwanzo wa mvua na jembe begani, akisema anakwenda kuona mwaka huu maji yanatazama wapi.

Walilima pale, maana maharage ya pale hayakuwa na mfano. Kulala hawakulala. Siku moja tu, mchana, mama yake alichoka kupalilia akajinyoosha katika kibanda cha shamba. Juu ya shamba hakukuwa na wingu. Emilienne alikuwa na miaka tisa alipofika na chakula cha mama yake akakuta mchanga safi, laini, hauna hata alama ya unyayo. Alichimba kwa mikono mpaka wakubwa walipomwondoa. Tangu siku ile mchanga safi haukumpendeza.

Akamfuata Olipa pale penye vigingi.

"Bana Chabu, hapa haifai mutu alale."

"Juu ya nini?" Olipa akauliza sababu.

"Mayi itapita hapa."

Olipa alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyevaa kiatu cha kushoto kulia. "Katolo inapita kule pembeni, ona mwenyewe. Miaka kumi inapita kule. Na ziwa tulishaipima. Hata ikijaa namna gani, haifike hapa."

"Sisemi ziwa. Nasema ile." Akanyoosha mkono kwenye kilima.

Wanawake wote wakageuka kutazama nyuma yao, kisha wakamtazama yeye. Kile kilima kiliwapa kuni na uyoga. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukiogopa. Ubaya wote waliouona maishani mwao ulitoka majini: dhoruba, mamba, boti zisizorudi. Nyumba zao zote zilielekeza mlango ziwani na mgongo kilimani, na wala hawakujua kwamba walikuwa wamechagua hivyo.

"Ile nayo ni mulima?" akasema mmoja. "Kwenu Kivu si mungeiita kichuguu?"

"Na moto yake iko wapi, Mama Volkano?" akauliza mwingine.

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Tangu saa ile jina likamganda, akawa Mama Volkano kisimani, Mama Volkano kanisani.

Guylain alilisikia kabla hajafika nyumbani, na halikumpendeza. "Sisi ni bageni hapa," akamwambia. "Hawa bamama njo balitupokea. Unataka batufukuze juu ya mchanga?"

"Kule Kilwa nilinyamaza vizuri," Emilienne akajibu. "Batu balitufukuza vilevile."

Guylain akavuta sahani yake. Akala, akalala.

Asubuhi Emilienne alirudi Katolo na ndoo mbili za maji. Hakuomba ruhusa. Aliwaita wanawake kwenye lundo la mchanga wa fundi Goodson, akachora mfereji kwa kidole kutoka juu mpaka chini, akamimina maji taratibu. Maji yakakata mfereji, yakashuka na mchanga, yakautandaza chini kama kiganja kilichofunguliwa. Akaweka kizibo cha soda pembeni kabisa, mahali pakavu. "Hii njo nyumba yetu. Iko mbali na mayi, si ndiyo?" Akamimina tena. Maji yakashuka, yakajikwaa kwenye mchanga yaliouleta yenyewe, yakageuka. Kizibo kikafunikwa.

Wengine waliguna. Olipa naye alikiangalia kile kizibo kwa muda, hilo Emilienne aliliona. Lakini Goodson alikuwa akilia kwamba mchanga wake umelowa, na wanawake wakasema ule ni mchezo wa watoto, Katolo ni Katolo. Olipa akapangusa mikono, akasema kwa adabu ya Kibemba. "Mama Emilienne, nakuheshimu, mukwai. Lakini matofali imeshachomwa, na mwezi wa tatu ziwa inafunguliwa. Tunajenga."

Wakajenga. Ukuta ukafika goti, ukafika dirisha. Na Emilienne, kila alipomaliza zamu yake ya kubeba matofali, maana kazi ya kikundi hakuikimbia hata siku moja, alichukua jembe akachimba shimo hatua kumi kutoka kwenye ukuta. Walimwuliza kama anachimba choo. Akasema anachimba kitabu, kama hawataki kumsikia yeye basi wasome wenyewe. Na kweli ukuta wa shimo lile ulisomeka: mchanga, chini yake safu ya mawe, tena mchanga, tena mawe. Kila safu ya mawe ilikuwa siku moja ambayo maji yalipita pale pale palipojengwa nyumba. Siku ya pili alikuwa na safu tatu. Mikono ilimtoka malengelenge, ikapasuka, akaifunga kwa kitambaa. Mvua ilipojaza shimo aliyateka maji kwa sufuria akaendelea. Alikuwa na hasira, nisikudanganye. Hasira na wanawake wale, na Goodson, na mtoto yule wa miaka tisa aliyechelewa na chakula.

Siku ya nne, kina kikiwa kimempita kifua, jembe lilikutana na jiwe ambalo halikuwa la maji. Lilikuwa jeusi kwa moshi. Pembeni lingine, na lingine. Mafiga matatu, na kati yao makaa. Akapiga magoti akaendelea kwa vidole, polepole. Kando ya mafiga akatoa beseni la bati lenye rangi ya buluu kwenye ukingo, limeliwa na kutu, limejaa mchanga safi.

Alimpelekea Olipa bila kusema neno. Olipa alilipokea kwa vidole viwili kama takataka, akamwaga mchanga, akaligeuza. Kwenye kitako cha beseni palikuwa na kiraka. Mtu aliziba tundu kwa sarafu, peni ya zamani ya enzi ya wakoloni, ile yenye tundu katikati, na kupitia tundu lile akapigilia ribiti ya shaba. Olipa akakaa chini pale pale kwenye mchanga. Hakuna aliyewahi kumwona akikaa chini kabla kazi haijaisha.

"Twende kwa mama," akasema.

Dorica alikuwa kwenye kizingiti chake. Macho yake hayakuwa mazuri tena, akalipokea beseni mapajani na kulipapasa. Kidole gumba kilipofika kwenye peni kikasimama. Akaanza kusema Kibemba, chini chini, na Olipa akamfasiria Emilienne: hili ni la Mwewa. Baba yao alilitoboa kwa bahati mbaya akaliziba mwenyewe, Mwewa akaenda nalo kwa mume. Alijenga Katolo kwa sababu ya mchanga, aanike samaki. Siku moja mume akarudi kutoka Mununga akakuta hakuna nyumba wala mke wala mtoto, ila mchanga safi mpaka majini. Kila mtu akasema ziwa lilipanda likawachukua.

Kikongwe akauliza limetoka wapi.

Olipa akamwambia: chini, mama, chini ya mchanga, na mafiga yake yakiwa yamesimama.

Dorica akazungusha kidole kwenye peni. Kisha akasema kitu kifupi, na Olipa hakukifasiri. Ikabidi Emilienne aulize.

"Anasema ziwa haizike. Ziwa inabeba." Olipa alikuwa akilia waziwazi, mwanamke mpana yule, kamasi na machozi pamoja. "Anauliza kama si ziwa."

"Si ziwa, mama," Emilienne akamjibu kikongwe, kwa Kiswahili, na kikongwe akaelewa.

Kesho yake Olipa alisimama mbele ya ukuta uliokwisha kufika juu ya madirisha, akawaambia wanawake waubomoe. Hapo palikuwa na kelele. Wiki ngapi za kazi, migongo mingapi, na yote kwa sababu ya beseni. Goodson alisema hajawahi kubomolewa kazi yake namna hiyo. Olipa aliwaacha wamalize.

"Nimesema tubomoe," akasema. "Mwenye anataka kulala hapa, alale na Mwewa."

Mahali papya alichagua Emilienne, na hakuna aliyemcheka. Alipanda bega la kilima pembeni ya mdomo wa bonde, akatafuta mawe yenye ukungu wa kijivu, yale ambayo hayajaviringishwa siku nyingi, na miti ya musuku yenye shina nene kama chungu. Hapo maji hayakuwahi kufika tangu miti ile ilipokuwa mbegu. Kisha wakabeba. Tofali kwa tofali, wakikwangua udongo wa zamani kwa panga, wakipanda mteremko mvua ikiwapiga usoni. Guylain mwenyewe aliacha boti yake akaja kubeba, bila kuelezwa kwa nini. Walioona ni upuuzi walibeba wakinung'unika, lakini walibeba. Emilienne alikuwa wa kwanza asubuhi na wa mwisho jioni, na mtu akikaa kupumzika alimsimamia kichwani mpaka anainuka. Hilo la ugomvi labda lilianzia hapo.

Wiki ya pili ya mwezi wa pili, ilibaki kona moja tu ya ukuta wa zamani kule mchangani. Ilikuwa alasiri. Ziwani jua lilikuwa linawaka, wanawake wamefunga vitambaa kichwani kwa joto. Emilienne peke yake ndiye aliyekuwa akitazama nyuma, na juu ya vilima aliona weusi. Kisha akasikia harufu ya udongo mbichi ikishuka kwenye bonde mahali ambapo hapakuwa na mvua. Halafu mlio, wa chini sana, kama mtu anayesaga mahindi ndani ya nyumba ya mbali.

"Mutupe," akasema. "Mupande."

Hakupaza sauti, na ndiyo maana walimtii. Walitupa matofali wakapanda. Olipa akakumbuka yaliyobaki, akageuka nusu, na Emilienne akamkamata kitenge kwa mikono yote miwili.

"Acha yaende, Bana Chabu."

"Ni tofali mingi."

"Acha."

Yakatoka. Hayakufanana na maji, yalifanana na ardhi iliyoamua kutembea, ya kahawia, na mawe yakigongana ndani yake. Yalifuata kwanza ile njia ya pembeni, njia ya miaka kumi. Yakafika kwenye lundo la mawe yaliyoyaleta yenyewe, yakajaa, yakasita. Kisha yakageuka yakaja katikati, moja kwa moja, yakapita juu ya ile kona, juu ya shimo la Emilienne, juu ya mafiga ya Mwewa, mpaka ziwani. Wanawake walitazama kutoka juu. Mmoja alikuwa amemshika mtoto wake shingoni kwa nguvu hadi mtoto akalalamika.

Jioni maji yalikuwa yamekwisha. Palibaki mchanga, mweupe kuliko ule wa kwanza, hauna unyayo wala kipande cha tofali. Mzuri kwa chisense kuliko wote waliowahi kuuona. Emilienne aliutazama, na kwa mara ya kwanza tangu akiwa na miaka tisa aliacha machozi yatoke bila kuyapangusa, yakamfika shingoni. Hakuna aliyemwita Mama Volkano siku ile. Baadaye walimwita tena, lakini jina lilikuwa limegeuka la heshima.

Nyumba iliisha kabla ziwa halijafunguliwa. Goodson aliuliza mlango uelekee wapi, kwa mazoea tu, akiwa amekwisha kuchora upande wa maji. Olipa akamwambia aufute, mlango utazame kilima. Na kanuni ikawa moja, mpaka leo: mchana tunaanika Katolo, kulala tunalala juu.

Siku ya kwanza ya mwezi wa tatu boti zikarudi zimejaa. Jioni chisense wa kwanza walikuwa wamekauka, na Emilienne alipeleka sahani moja nyumbani kwa Olipa kama desturi. Dorica alikuwa kwenye kizingiti, beseni la kutu kando yake, bakuli la ugali na maharage mapajani. Akasikia harufu. Akayasukuma maharage kwa mkono, akanyoosha kiganja.

Olipa alisimama mlangoni na mwiko wake, hakuweza kusogea. Ikawa Emilienne aliyepiga magoti akaweka samaki mmoja kwenye kiganja cha kikongwe. Dorica alimtia mdomoni, akamtafuna kwa muda mrefu kwa fizi zake, macho yakitazama ziwa. Kisha akasema hawana chumvi ya kutosha, akaomba wengine.